Ufa Nilioupata Ofisini

Mimi mkono wangu hutangulia miguu, na kwa mchoraji wa ramani za miamba hilo ni kosa baya. Msimu ule tulipokuwa tukichora ramani ya Migori, mawingu hayakutupa nafasi. Nikategemea picha za rada za setilaiti, kwa sababu rada haijali wingu. Nikiwa nimekaa ofisini Rongo na chai yangu, niliona mstari mweupe ukikata kichaka karibu na Ogwedhi. Nikapiga kalamu nyekundu, nikaandika: ufa. Ningeandika "huenda ni ufa", lakini siku hiyo nilijiona bingwa.

Wiki moja baadaye chifu wa huko, aliyekuwa amepelekewa rasimu, alinipigia simu. Alisema mjane mmoja ana boma juu ya ule ufa, na ameshamwambia ahame kabla ardhi haijapasuka. Asubuhi yake nilikuwa njiani.

Nilimkuta mama anafunga sufuria kwa kamba.

"Wewe ndio mtu wa setilaiti?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, mwanangu. Viti nitabeba. Na huyu nitambebaje?" Alionyesha kwa kidevu kaburi la mumewe, pale mbele ya nyumba.

Niliona aibu, nikaomba panga, nikaingia kichakani nyuma ya nyumba kuutafuta ufa wangu. Panga likagonga jiwe. Juu yake jiwe lingine, na lingine, yamepangwa bila udongo hadi kifuani pangu. Ulikuwa ukuta mrefu wa boma la kale. Uliikabili rada uso kwa uso na kuirudishia mawimbi yake, ndiyo maana ukang'aa. Niliufuata mpaka mwisho. Mwamba chini yake ulikuwa mzima kabisa. Nikakaa chini, nikacheka kwa furaha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuta ukuta, nikauita ufa.

"Kumbe ni *ohinga* ya wazee ndiyo ulikuwa unaogopa?" mama akasema. "Si ungeuliza tu."

Nilimpigia chifu palepale, mama akisikia, nikakiri kosa langu. Kisha nikafungua kompyuta. Mama akataka aufute ule mstari mwenyewe, kwa kidole chake, na nikamwonyesha pa kubonyeza.

Alifungua kamba ya sufuria, akaenda kusimama kando ya kaburi, akazungumza na mumewe. Kidholuo changu ni kidogo, lakini hayo niliyaelewa.

"Mzee, hatuhami. Kijana alikuwa amekosea."