Daktari wa Paa

Mgodini walimwita Daktari. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajaingia kuchimba makaa ya mawe ya serikali, yeye alitangulia na mtaimbo kuligonga paa la mwamba, kama mganga anayegonga kifua cha mgonjwa. Likilia vizuri alitangaza, "Mzima!" na watu wakaingia. Akisema, "Mgonjwa," hakuna aliyembishia, hata msimamizi mwenye kiherehere cha tani.

Shida ni kwamba Daktari alikuwa kiziwi. Miaka miwili nyuma baruti ililipuka kabla ya wakati, ikamng'oa mwenzake mkono mpaka begani. Watu wakahangaika na ule mkono. Nani angeuliza habari za masikio? Naye akafunga bakuli lake. Ukitimiza miaka thelathini chini ya ardhi, serikali inakupa pensheni kamili mpaka kufa. Ukiondolewa kwa ugonjwa kabla ya hapo, unapata nusu. Sasa yeye alikuwa amebakiza wiki sita. Wewe ungesema?

Tena alikuwa na ujanja wake. Mkono wa kulia ukigonga, kiganja cha kushoto alikibandika kwenye mwamba. Paa likiwa zima lilitulia. Likiwa bovu lilimtekenya vidole. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Hakuwahi kukosea hata siku moja.

Ndipo akaja mkaguzi wa serikali, kijana wa miwani, mpole, na boksi la glavu za ngozi nene.

"Mzee, kuanzia leo hakuna kushika mwamba mikono mitupu. Watu wanakatika vidole."

"Mimi nimezoea hivi hivi, mwanangu."

"Ni kanuni. Usipovaa, nafunga mgodi."

Shemeji yake, mume wa dada yake, alicheka mpaka akashika mbavu. "Daktari leo bwana harusi! Haya, tupimie tukafanye kazi."

Daktari akavaa. Akagonga, akabandika kiganja. Kimya. Akagonga tena, mara tatu. Ndani ya ile ngozi vidole havikuambiwa kitu, naye alijua fika kwamba havikuambiwa kitu. Mkaguzi alikuwa anamtazama. Msimamizi alikuwa anatazama saa. Mwoga yule akafungua kinywa akasema, "Mzima."

Shemeji alitangulia, bado anacheka. Paa likashuka lote kwa mkupuo, likamfunika katikati ya kicheko. Walichimba kwa sepetu, kisha kwa kucha. Walipoufikia mguu wakauvuta, ukaja peke yake. Kifua kilikuwa kimebanwa kikawa bapa, na usoni hapakubaki cha kumtambulisha isipokuwa ndevu. Daktari ndiye aliyemfunika kwa koti lake.

Juu, uwanjani, wachimbaji walitaka wa kumla nyama.

"Miaka yote mzee hajakosea!" mmoja alimfokea mkaguzi. "Umemvisha magunia mikononi, umetuulia mtu!"

Ngumi ya kwanza ilimvunjia miwani jichoni. Ya pili ilimwangusha. Kisha ikawa ni mateke na mipini ya sepetu, mbavu zinapigwa, meno yanatoka na damu, mkono aliojikingia nao umepinda pasipo na kiungo. Msimamizi alijifungia ofisini. Daktari alisimama ukutani. Akinyamaza, kijana atakufa na kosa litazikwa naye. Wiki sita zitapita, pensheni itakuja kamili. Hayo aliyawaza, na aliona aibu kwamba ameyawaza.

Katika zile kelele hakuna aliyemsikia mkaguzi. Daktari pekee aliyaona maneno kwenye midomo iliyopasuka: "Baba, nisaidie."

Akajitupa juu yake. Mpini uliokuwa hewani ukamshukia begani, mfupa ukavunjika.

"Niueni mimi!" alipiga kelele asizozisikia. "Mimi kiziwi! Mwaka wa pili huu sisikii! Nilikuwa napapasa. Leo sikupata kitu na nikasema mzima!"

Mateke yakakoma. Wanaume wakampisha dada yake, aliyekuwa ametoka langoni walikokusanyika wake wa wachimbaji. Aliinama mbele ya kaka yake, kiganja kimeziba mdomo, mabega yanatikisika. Alikuwa anasema kitu.

"Toa mkono, dada," alimsihi. "Toa nikuone unasemaje."

Dada aliutoa mkono mdomoni, akaokota mpini, na safari hii hakuna mwanamume aliyesogea kumzuia.