Kile Alichosema Mama Bijou

Warundi wa Bellevue, mtaa wa wahamiaji si mbali na Soweto, walimwita Mama Bijou, kwa jina la binti yake aliyebaki Bujumbura kwa mama mkwe. Jina lake mwenyewe lilikuwa Vestine, na kazi yake ilikuwa ususi. Alikaa chumba kimoja na Cecilia, Mtanzania fundi cherehani. Majirani walisema ni marafiki walioshibana, nao hawakuwasahihisha.

Mwaka 2012 akaja Happyness, mwanafunzi wa sosholojia kutoka Dodoma, akitafuta wanawake wahamiaji wanaopenda wanawake wenzao. Vestine alimsuka mara tatu kabla ya kumwamini. Siku ya nne, saluni ikiwa tupu, alizungumza saa mbili mbele ya kinasa sauti: vita, mume aliyempiga, na kabla ya hayo yote, akiwa na miaka ishirini, msichana mwanakwaya mwenzake aliyempenda hadi akakosa hamu ya kula.

"Jina lako nitalibadilisha, dada," Happyness aliahidi.

Alilibadilisha kweli. Lakini aliacha vilevile, bila kuficha, saluni, Bujumbura, mtoto mmoja wa kike, na fundi cherehani wa Kitanzania. Tasnifu ilipowekwa mtandaoni, Gustave, mzee wa kanisa lao, aliisoma na kuisimulia ibadani. Siku hiyohiyo mwenye nyumba aliwatolea vyombo nje.

"Siwezi tena," Cecilia alisema, akifunga begi lake. "Naenda Soweto kwa dada. Usinifuate, Vestine."

Happyness alimpata Vestine mtaa mwingine, Troyeville, baada ya miezi miwili. Alilia, akaomba radhi. Vestine, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, alimtaka amsomee alichoandika. Happyness akatafsiri kwa sauti ya chini: mama huyu aliwageukia wanawake baada ya kuumizwa na vita na wanaume.

"Na yule wa kwaya?"

"Sikumweka. Msimamizi wangu alisema anavuruga hoja."



"Kanisani wanasema nina pepo. Weye unasema nina kidonda. Mimi nilikwambia napenda."



Habari zikafika Bujumbura. Vestine alipopiga simu, mama mkwe alikata bila salamu, na tangu hapo hakuisikia tena sauti ya Bijou. Alipata kazi saluni nyingine, kwa watu wasiomjua. Wateja walipomuuliza kama ana mtu, alijibu hana. Wala hakuwa anadanganya.