Kazi Imefuata Picha

Juzi nilikuwa kaunta ya ofisi moja ya kilimo hapa Chake Chake nikingoja muhuri, nikamwona mkuu wa ofisi amemsimamia kichwani binti wa takwimu. Kikao kilikuwa karibu kuanza, na idadi ya mikarafuu iliyokauka bado haijajulikana. Picha za mashamba, zilizopigwa kutoka angani, zimehifadhiwa mtandaoni, na mtandao wenyewe siku hiyo ulikuwa unajikokota.

"Zishushe upesi, mwanangu!"

"Sishushi hata moja, Mzee." Vidole vyake havikusimama. Alikuwa akiandika amri kwenye daftari la kompyuta, lile ambalo jibu hutokea papo hapo chini ya amri. "Naituma kazi huko huko picha ziliko. Itakayorudi ni hesabu tu."

Mzee akakunja uso. Binti akamgeukia.

"Ukishachuma karafuu zako, unawapelekea wachambuaji wa kuzitenga na vijiti vyake majumbani kwao, au waja kwako?"

"Nizitoe zikapungue njiani? Waje kwangu!"

"Basi ndiyo hayo hayo."

Mzee akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini, mikono kifuani, macho hayabanduki, kama mwenye karafuu yeyote anavyowakalia wachambuaji wake. Hesabu ikarudi kabla ya muhuri wangu.

Mimi jambo hili niliwahi kusomeshwa semina nzima, nikasinzia. Safari hii nimeelewa, hasa Mzee aliponyanyuka kwenda kikaoni akiikung'uta kanzu yake, kana kwamba imejaa makonyo, vile vijiti vya karafuu.