Siku Niliyoupasua Ukuta Wangu

Wakati wa vita njia ya malori ya kushukia bandarini Kilindini ilipanuliwa, na mtaa wetu ukawa umekaa katikati yake. Tukaambiwa tuhame. Kabla ya kuvunjiwa, mpimaji angepita nyumba kwa nyumba kuandika kila moja ni nyumba gani. Aliyeandikiwa nyumba ya mawe angepewa kiwanja Bondeni, humu humu kisiwani. Aliyeandikiwa nyumba ya udongo angepewa fidia kidogo, kisha ajue mwenyewe pa kwenda.

Nyumba yangu ilikuwa ya mawe. Niliijenga kwa mikono hii, miaka mitatu, kila nikitoka kuwajengea watu. Chuoni nilikaa kiasi cha kuishika Alhamdu na kuandika jina langu. Yaliyobaki nilifunzwa na mwiko wa uashi. Mpimaji sikumwogopa. Niliogopa siku. Alipewa siku tatu kuumaliza mtaa, na nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kabisa; angeifikia amechoka, ana haraka.

Nikasema nitamrahisishia. Vyombo vyote nikavitoa uani ili asijikwae kitandani. Kila chumba nikakipima kwa kamba, nikaifunga fundo, yeye aje ahakikishe tu. Tena, kwa kuwa kwetu mgeni wa maana haingii nyumba chafu, nikaipaka chokaa nje na ndani, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Iling'aa hata macho yakauma. Nilijiona nina akili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaja. Mzungu mwembamba, kofia ngumu, daftari kwapani, na karani wake kijana wa Mji wa Kale mwenye koti lililopigwa pasi. Mzungu akaitazama nyumba toka barabarani, akaandika, akageuka kwenda zake.

Nikamkimbilia karani. "Mbona haingii?"

"Hana haja. Ameandika ya udongo."

"Ya udongo! Mwambie aipige bega aone nani ataanguka."

Karani akacheka. "Bwana fundi, juzi aliandika nyumba ya pale kichochoroni ni ya mawe. Jana punda akajikuna ubavu ukutani, chokaa ikabambuka, fito hizo nje. Sasa hasadiki ukuta wowote mweupe. Yeyote mwenye ubishi angoje fundi wa serikali, anakuja mwezi ujao."

"Mwezi ujao itakuwa kifusi!"

"Hilo mimi silijui."

Ile nyumba ya kichochoroni niliipaka mimi. Nusu ya kuta nyeupe za mtaa ule ni kazi yangu. Udongo na fito, ukipakwa na mimi, huwezi kuutofautisha na jiwe. Ndiyo sifa niliyokulia. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika, na mwenye punda yumo.

Nikaingia ndani nikatoka na nyundo na tindo. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika buibui. "Haya, piga," akasema. "Mimi miaka yote sikuruhusiwa msumari mmoja wa kutundikia kanga."

"Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza. Piga, mwenyewe yuaenda."

Kweli, mzungu alikuwa akirudi zake, amekwisha ipita nyumba ya pili. Nikapiga ukuta wa barazani kwa nguvu zangu zote. Chokaa ikaruka. Kwa mshindo ule akasimama, akarudi. Nikapiga tena. Pakafunguka ufa, ukamwagika mchanga mwekundu, ukanijaa miguuni.

Karani akasema kwa sauti ya chini, "Udongo, fundi."

Nitasema ukweli, nimezeeka. Mwaka nilioijenga baraza chokaa ilikuwa adimu, na ukuta wa barazani niliunganisha mawe kwa udongo, nikaufunika. Mwashi hufanya hivyo na hasemi. Nyundo yangu ilikuwa imeangukia kwenye kiungo, si kwenye jiwe. Mzungu akafungua daftari. Nilimwona anaitafuta kalamu.

"Mwambie angoje! Mwambie ahesabu mia moja tu!"

"Hawezi kuhesabu kwa ajili yako."

"Basi hesabu wewe!"

Nikaingiza tindo kwenye ule udongo. Sikupiga jiwe, nilipiga pembeni yake, juu, chini, kushoto, kama mtu anayeng'oa jino. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Karani akaanza kuhesabu kwa mzaha, watoto wakamfuatisha. Walipofika sitini na kitu jiwe likatikisika. Nikatupa nyundo, nikatia vidole vya mikono miwili, nikavuta. Kucha mbili zilibaki huko. Jiwe likatoka zima, jiwe la matumbawe, zito kama mbuzi, nami nikaliweka mbele ya viatu vya mzungu.

Aliinama, akatia mkono tunduni mpaka kwenye kiwiko, akagusa jiwe la pili nyuma yake. Akatoa futi, akapima unene. Kisha akasema neno na karani, wakaingia ndani. Vyombo vilikuwa nje, kamba ilikuwa na mafundo; vyumba vinne walivimaliza kabla sijapata kitambaa cha kufunga vidole. Alipotoka, karani akanisomea mstari ule mara mbili kwa kuwa niliomba. Nyumba ya mawe. Nikatia sahihi yangu, na damu kidogo.

Nilidhani watu watanipa mkono. Mwenye ile nyumba ya kichochoroni alisimama pale pale akiutazama mchanga mwekundu. Yeye alikuwa amebadilishiwa, ameandikiwa udongo, naye alijua ni udongo. Aliyesema ni jirani wangu wa mkono wa kulia, mtu mzima, ambaye nyumba yake nilimjengea mimi na nikamwambia ni mawe kwa chokaa tupu, bila udongo.

"Fundi," akasema, "na mimi ulinitilia nini?"

Jana yake alikuwa ameandikiwa udongo, akakubali, akadhani ndivyo alivyojengewa. Mzungu alikuwa amekwisha panda kigari chake kilichomngoja barabarani. Nikaiokota nyundo mavumbini, nikampa mke wangu tindo anichukulie.

"Twende kwako," nikamwambia jirani. "Karani! Msimamishe bwana wako!"