Kurasa za Mwisho za Kinyozi

Marehemu baba yao alikuwa kinyozi mwenye hila. Wateja waliosubiri zamu aliwawekea vitabu vya katuni za upelelezi, ila kila kitabu alikuwa amekinyofoa ukurasa wa mwisho. Ukitaka kumjua mwizi, rudi nywele zikishaota, utasimuliwa. Na nywele za watu wale, jamani, ziliota haraka kupita kawaida.

Bintiye, ambaye sasa ni msusi katika chumba kilekile, alivirithi vitabu hivyo visivyo na mwisho. Chumba cha nyuma akakigeuza uwanja wa mchezo. Kila Jumapili mchana wateja wake huizunguka meza moja inayoyumba, kila mtu na mhusika wake wa kuigiza, huyu mpelelezi, yule tajiri. Wanahojiana, wanarusha dadu kuona nani kafaulu kufungua kabati, na msusi anawasimulia yanayotokea. Visa vyote alivichota kwenye katuni za baba, na miisho yake kama baba alivyokuwa akiisimulia.

Tatizo lilikuwa kaka yake mkubwa, aliyeachiwa nyumba. Utotoni yeye ndiye aliyetunza zile kurasa zilizonyofolewa, akazisoma mpaka zikamkaa kichwani. Basi mchezo hata haujapamba moto, keshamwaga mtama: "Ni mtunza bustani. Tukapumzike." Wachezaji wakaanza kupungua, na kaka akabandika tangazo mlangoni kwamba chumba cha nyuma kinapangishwa.

"Mchezo wenyewe umeshakufa, mdogo wangu," alisema.

"Nipe Jumapili moja, kaka. Ukimtaja mwizi, nahamisha meza. Ukishindwa, chumba ni changu."

"Hapo umejimaliza mwenyewe," kaka akasema, akacheka.

Wiki nzima msusi alisuka vichwa vya watu, akili yake iko kwenye katuni. Siku zote alikuwa akichukua kisa kizima. Safari hii alichukua picha tu: hoteli kutoka kitabu hiki, mpishi mwenye bandeji mkononi kutoka kile, na mpiga kinanda aliyechorwa mara moja pembeni, ambaye hakuna aliyewahi kumjali. Mwisho aliutunga mwenyewe, na aliogopa sana.

Jumapili kaka alikuwa mpelelezi. Msusi akasimulia: ukumbi umejaa, kinanda kimenyamaza, taa zimezimika. Zilipowaka, mkufu wa mwimbaji haupo. Kisha akaingia mpishi, mkono una bandeji.

"Ni mpishi," kaka akasema, akijinyoosha kitini. "Mkufu umo kwenye bandeji."

"Ifungue."

Akarusha dadu, akafaulu. Ndani mlikuwa na kidonda cha mafuta ya moto, basi. Meza nzima ikaangua kicheko. Mpelelezi kaingia mkenge.

Alimhoji kila mtu mpaka kijasho kikamtoka, asipate kitu. Mwishowe akanyoosha mikono. Hapo fundi cherehani wa jirani akauliza taratibu, "Kinanda kilinyamaza kabla ya taa kuzimika, au baada?"

"Kabla," msusi akajibu.

"Basi mpigaji alijua zitazimika. Alikuwa keshainuka."

Msusi akautua mkufu wa shanga mezani. Furaha ilimjaa hata akashindwa kukaa.

Kaka aliinuka, akatoka. Wakasikia karatasi ikibanduliwa mlangoni. Aliporudi alilikunja tangazo lake mara nne, akainama, akalisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Anza kingine," akasema, akivuta kiti. "Na huyo mpishi nimwigize mimi."