Haraka ya nini mbele ya uso wa mtoto?

Fotografe mmoja wa Shituru ameacha kamera ya kisasa, amerudia ya zamani, ile ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka sura mbili za kitu kimoja ziungane. Juzi alimlenga mtoto wangu taratibu: "Mama, mushike vizuri. Mu kitundu naona batoto babili, ngoja nibaunge bakuwe mumoja."

Kijana aliyengoja zamu yake akasonya. "Papa, miye niko na haraka! Telefone inapiga picha mara moja!"

Nikamgeukia. "Na inafuta mara moja! Dada ya huyu mtoto tulimuzika, picha zake zote zilikuwa mu telefone, ikakufa nazo. Weye utanirudishia ile sura?"

Fotografe hakuharakisha hata kidogo. Isipokuwa mimi, hakuna aliyewahi kumtazama mwanangu hivyo, na mimi namtazama kwa woga wa kumpoteza kama dada yake.