Mtu wa Uzito

Trekta yenyewe ilikuwa ndogo, boneti yake ikimfikia Khisa kiunoni, na aliizunguka mara tatu kabla ya kusema neno. Wangare alisimama kando, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akisubiri sifa. Sifa hazikuja.

"Mama Abby," Khisa alisema mwishowe, "hii kitu ilikuwa inakata nyasi."

"Imetoka Japani, Mzee."

"Sawa. Huko Japani ilikuwa inakata nyasi. Angalia tairi. Laini kama kisigino cha mtoto."

Abby, binti wa Wangare, alicheka. Ndiye angeiendesha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amerudi kwao Bahati baada ya kazi yake ya Nairobi kwisha, na alikuwa amejifunza trekta kwa siku nne katika uwanja wa mpira, mahali tambarare kama meza. Jumatatu alipaswa kulima shamba la mama yake, na shamba hilo halikuwa meza.

Khisa alilijua kabla halijawa la Wangare. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ujana wake wote aliumalizia kwenye kilima kile. Wakati huo lilikuwa shamba moja kubwa lililoshuka kutoka msitu wa Dundori. Mzungu alikuwa ameondoka, kampuni ya wenye hisa imelinunua, na madereva sita, Khisa mmoja wao, walilima kwa kuufuata mlima, si kwa kushindana nao. Mtaro ulizunguka tumbo la kilima kama mshipi, na kila baada ya matuta ishirini paliachwa mkanda wa majani, maji yakashuka polepole bila kubeba udongo. Kisha ikaja siku ya kugawana. Kila mwenye hisa alitaka kugusa barabara juu na mto chini, basi wapimaji wakaipasua ardhi kama kuni, vipande virefu vyembamba kutoka juu hadi chini. Baadaye wana wakavipasua tena vya baba zao. Kipande cha Wangare kilikuwa na upana wa hatua thelathini. Ukianza kulima kwa kukizunguka kilima, hujakohoa mara mbili umefika kwa jirani. Lazima ugeuke, na kila kugeuka ni kwenye mteremko. Majani yaling'olewa zamani. Siku ya kugawana watu waliimba. Khisa, ambaye hakuwa na hisa yoyote, alisimama akizitazama kamba za wapimaji, na hakuna aliyemuuliza trekta itageukia wapi.

"Itapinduka?" Wangare aliuliza. Alikuwa mjane, na Abby ndiye mtoto aliyebaki naye.

"Na tairi hizi, ndiyo."

Ijumaa hiyo waliteremka hadi madukani Free Area kwa pikapu ya Kihara, shemeji yake Wangare, mwanamume mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Muuza tairi aliwapeleka moja kwa moja kwa tairi ndefu, nyembamba, zenye meno marefu kama ya mamba.

"Hizi ndizo zinapanda mlima, mathe. Hata ukuta zinapanda."

"Hizo! Hizo ndizo niliona kwa kina Maina," Wangare alisema.

Khisa aliinama, akapima kwa shubiri. "Zinainua trekta juu kiasi hiki. Kitu kikiwa juu, ni rahisi kukiangusha. Kupanda si shida, Mama Abby. Shida ni kukaa."

"Mzee, wewe ni wa zamani," muuzaji alisema akitabasamu.

"Ndiyo. Na bado niko hai. Nipe fupi, pana, zenye meno. Nne."

"Nne za nini? Za nyuma ndizo zinavuta."

"Hii inavuta na miguu yote minne. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, mbele inakimbia mwendo wake na nyuma mwendo wake, na gia zinasagana katikati. Au hapa mnauza tu, hamsomi?"

Kihara aliangua kicheko, akampiga muuzaji begani. "Boss, umepatikana. Huyu amesoma vitabu vyote vya mzungu, hata vile vilivyotupwa."

Ilikuwa kweli. Khisa aliacha shule darasa la nne. Kiingereza alikipata kwenye vitabu vya trekta alivyovikuta stoo mzungu alipoondoka, akisoma ukurasa mmoja kwa wiki, kidole juu ya neno. Siku hizi watu wana simu zinazojua kila kitu, na bado wananunua tairi kwa sababu jirani anazo.

Jumamosi walifanya kazi kutwa. Khisa alimfundisha Abby kugeuza rimu za nyuma, upande wa ndani ukawa wa nje, na trekta ikasimama ikiwa imetanua miguu kama mtu anayetaka kubeba gunia. Kisha waliinua gurudumu kwa jeki, wakageuza vali juu kabisa, wakaingiza maji kwa mpira hadi yakafika usawa wa vali, na juu yake wakaacha nafasi ya upepo.

"Maji ndani ya tairi, guka? Kweli?" Abby aliuliza, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

"Uzito ukikaa chini kabisa, trekta inashika ardhi kama kuku anayelalia mayai. Haya, ukiona gurudumu la juu linainuka, unafanya nini?"

"Nashusha plau. Nageuza usukani upande wa chini."

"Klachi?"

"Sigusi."

"Tena."

Alimrudisha mara kumi, kama katekista na sala, hadi msichana akachoka.

Kilichobaki ni mbele. Plau ilikuwa nzito kuliko pua ya trekta ile. Ikiinuliwa mlimani, pua ingepanda juu, na usukani wenye magurudumu hewani haugeuzi kitu. Vyuma vya uzito vya trekta ya aina ile havikupatikana mjini. Khisa alikata madebe mawili, akayaunganisha kuwa sanduku moja, akaweka vyuma vya kuning'iniza, akakoroga simiti na kokoto, akamimina. Alipima kila karai kwenye mizani ya Wangare ya mahindi, akasimama kwenye kilo sitini na tatu, bila kuongeza hata kiganja.

"Mbona sitini na tatu?" Abby aliuliza.

"Inatosha."

Kihara, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akinywa chai, alitazama mawingu juu ya msitu. "Na itakauka lini?"

"Siku saba."

"Siku saba! Mzee, mvua iko hapo, unaiona. Jumatatu ndiyo siku." Akaweka kikombe chini. "Kwani si wewe mwenyewe hutuambia pale hotelini? Zamani mlikuwa mnaweka mtu mbele. Mtu wa uzito. Si ni wewe ulituambia, 'tulilima kilima hiki chote na mtu mbele, wala hapakuwa na simiti'? Mimi ni kilo tisini. Chakula cha shemeji hakipotei bure."

Wangare na Abby walicheka. Khisa hakucheka.

"Hapana," alisema, akainama kusawazisha simiti kwa ubao.

Alikuwa amesimulia hivyo, kweli, miaka mingi, kikombe mkononi: mitaro iliyonyooka, madereva sita, mtu mbele akipeperusha kofia. Aliisimulia hadi mahali fulani, kisha aliagiza chai nyingine.

Hawakuwahi kusikia kilichofuata. Wanaume walipangwa mstari kwenye mizani ya pareto, na mnyapara akachagua: sitini na tatu, si mwepesi wala mnene. Kibii alichaguliwa. Alikaa mbele ya trekta ya Khisa misimu mitatu, akiimba, migongo yao ikijua kila shimo la kilima kile. Siku ile, wakigeuka juu ya mto, pua iliinuka, na Khisa akapiga kelele neno ambalo kila dereva alimwambia mtu wake: "Shikilia!" Kibii akashikilia. Alishikilia hadi trekta ilipomlalia. Kampuni ilitoa mbao za jeneza, na Jumatatu ikapanga watu tena kwenye mizani.

Jumatatu hii mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi. Khisa alipanda kutoka chumba chake cha Bahati kabla ya saa mbili, akapita nyuma ya nyumba kutazama simiti. Alichora kwa msumari, ikakwaruzika kama sabuni. Bado. Angemwambia Wangare wangoje hadi Jumamosi, mvua inyeshe ikitaka, mahindi yachelewe yakitaka. Alikuwa bado ameinama hapo aliposikia injini.

Alifikiri Abby anaipasha moto tu. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, mlio wa plau ndani ya udongo, na akajua. Alikimbia. Goti lake la kushoto halikuwa limekimbia tangu mwaka wa ukame, lakini alikimbia, akapita choo, akapita majani ya nepia ya ng'ombe, akatokea ukingoni mwa shamba.

Wangare alisimama hapo akiwa ameshika kitambaa cha kichwa. "Wamesema watajaribu mtaro mmoja tu, Mzee. Nimewaambia wakungoje. Kihara amesema mvua..."

Trekta ilikuwa chini yao, mahali kilima kinapoanza kuanguka kuelekea mto. Kihara alikuwa amekaa mbele juu ya chuma, miguu ameitanua, akipunga kofia. Mitaro mitatu nyuma yao ilikuwa myeusi na mizuri. Walikuwa wamefika mpakani. Abby aliinua plau, akaanza kugeuka kuelekea juu.

"Chini!" Khisa alipiga kelele. "Geukia chini!"

Upepo ulimrudishia sauti yake. Magurudumu ya mbele yaliacha ardhi, kiganja kimoja, kisha viwili. Kofia ilianguka. Kihara alijikunja, akakumbatia boneti kwa mikono yote miwili, na mwili wake mnene ukateleza kidogo kidogo upande wa bonde, ukiivuta trekta pamoja nao. Gurudumu la nyuma la upande wa juu, lenye maji ndani, lilikuwa limeanza kuwa jepesi. Khisa aliuona udongo ukidondoka kutoka kwenye meno yake.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa mdomoni miaka arobaini na sita.

"Achia!" alilia, kwa sauti iliyoushinda upepo. "Kihara, achia! Rukia juu! Juu! Abby, plau!"

Kihara alimgeuzia uso, mweupe kama unga. Mikono yake haikutaka. Mwanadamu akiogopa, mikono hushika, ndivyo alivyoumbwa.

"Achia, mwanangu!"

Kihara aliachia. Alijirusha upande wa juu wa mlima kama gunia linalotupwa kutoka lori, akaanguka kwa goti na kifundo cha mkono. Wakati huo huo plau ilishuka kwa kishindo, ikauma ardhi, na pua ya trekta ikarudi chini. Usukani ukapata kitu cha kushika. Abby hakugusa klachi. Aligeuza kuelekea bonde, polepole, na gurudumu la juu likakaa. Trekta ikasimama ikitazama mto, injini ikinguruma, hatua sita kutoka kwenye ukingo.

Kisha Wangare akaanza kuteremka mbio akilia jina la mtoto wake.

Khisa alifika wa mwisho. Abby alikuwa bado kwenye kiti, ameshika usukani. Khisa alinyoosha mkono akazima injini. Kihara alikuwa amekaa kwenye mtaro, ameushika mkono uliovimba.

"Mzee," alisema, sauti yake imekuwa ndogo, "si wewe ulisema ilikuwa ikifanyika?"

"Ilikuwa ikifanyika."

Aliketi chini kwenye udongo mpya, karibu naye, kwa sababu goti lilikataa. Na hapo, mvua ikianza kudondoka tone moja moja, aliwasimulia iliyobaki: mizani, misimu mitatu, neno alilolisema. Aliwaambia na jina. Hakusema ilikuwa bahati mbaya, wala hakusema kwamba zamani watu walikuwa hodari.

Mvua ilinyesha siku nne. Mitaro mitatu ya Abby ilijaa maji, na kwa kuwa ilikuwa imekizunguka kilima, maji yalibaki ndani yake. Shamba lililobaki liliteremsha udongo hadi mtoni kama kawaida.

Jumamosi Abby alichora simiti kwa msumari mwenyewe, ikagoma. Watatu waliinua lile tofali la simiti, Kihara akisaidia kwa mkono mmoja, wakalitundika mbele ya trekta. Abby alilifunga kwa mnyororo, akaukaza, akaujaribu kwa kuuvuta, akaukaza tena.

"Sitini na tatu," alisema.

"Sitini na tatu," Khisa alijibu. "Sasa endesha. Ukifika mpakani, unageukia wapi?"

"Chini."

"Tena."